Mwaka Tuliopimiwa Mpaka

Wiki mbili zilizopita tulimzika Ta Rwakato, jirani yetu wa upande wa malishoni. Kaburi lilipokwisha kufunikwa, mwanawe mkubwa alisimama akauliza kama yupo jirani wa siku nyingi mwenye neno. Watu wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimeketi kwenye majani pamoja na wanawake wenzangu, nikatazama miguu yangu, na mwishowe mzee mmoja akasimama badala yangu akasema mambo mema yanayosemwa kwa kila marehemu. Hakusema uongo, ila yule aliyemsema hakuwa Rwakato niliyemjua. Mimi sijawahi kuwa mtu wa kusimama. Tangu nikiwa msichana, neno langu hufika watu wakiwa wamekwisha kutawanyika. Nilisoma mpaka darasa la nne, na nikiandika naandika polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayepanda maharage. Lakini karatasi haimtazami mtu usoni, basi karatasi ndiyo nitakayoieleza habari za mwaka ule serikali ilipokuja kutupimia mpaka.

Ndio mwaka nilioolewa, nikahamia hapa upande wa Nyakakika. Mvua za kwanza hazijakatika, mume wangu Yohana akavuka kwenda Uganda kukata miwa, kama walivyofanya vijana wengi siku zile, nikabaki na mama yake. Watu walimwita Ma Kokuhirwa, nami nilimwita Mama. Nyumba yetu ilikuwa msonge, nyasi kutoka kileleni hadi chini, na ndani sakafu ilitandikwa nyasi laini tulizobadilisha kila Jumamosi, ili Jumapili itukute tumelalia harufu mpya. Nilijifunza giza la nyumba ile kabla sijajifunza uso wa mwenye nyumba. Kwa desturi yetu ya wakati ule, bibi harusi, omugole kwa lugha yetu, hakutoka hovyo wala kupaza sauti mbele ya wageni. Akija mgeni mwanamume, nilipita nyuma ya kiambaza cha matete nikakaa na chungu changu cha maharage. Wasichana wengine walilia kwa desturi hiyo. Mimi ilinifaa kama shuka. Nilikuwa na sababu ya kunyamaza ambayo kila mtu aliiheshimu, na kupitia matundu ya matete nilisikia mengi kuliko waliokuwa wakizungumza.

Aliyesikika zaidi alikuwa Ta Rwakato. Watu wake walikuwa wafugaji, na boma lake lilikuwa chini kwenye rweya, yale majani mapana yanayoanza pale migomba inapokoma. Kila jioni baada ya kukamua alipanda na kibuyu cha maziwa, na kila jioni alianza kwa maneno yale yale.

"Hodi, wala ndizi!"

"Karibu, mnywa maziwa. Kinyesi kiache nje."

"Kinyesi hicho hicho ndicho kinachokulisha, Ma. Bila ng'ombe wangu mgomba wako ungekuwa mwembamba kama mkungu wetu mpya."

Hapo Mama alicheka, kwa sababu mkungu wetu, yule mkuu wa kijiji aliyekuwa ameletwa karibuni kutoka upande wa Bweranyange, alikuwa mwembamba kweli. Kisha Mama alimpa maganda ya ndizi kwa ajili ya ndama, akampa na rubisi, ile pombe ya ndizi, kidogo kama ipo, wakakaa wakitafuna kahawa. Tulizungumza Kinyambo, na nikiyaandika maneno yao kwa Kiswahili naona yamepoteza chumvi kidogo, lakini sauti zao bado ninazo. "Mkwe wako bado bubu?" Rwakato aliuliza jioni moja, akijua vizuri kwamba nasikia. "Si bubu," Mama akajibu. "Anakupima." Nikauma kitambaa changu nisicheke. Leo nikifikiri, naona wale wawili walikuwa wamekwisha kuniingiza katika mazungumzo yao muda mrefu kabla mimi sijafungua mdomo.

Halafu ng'ombe mmoja akaharibu mambo. Bihogo, jike mwekundu mwenye pembe ndefu aliyetangulia kundi lake siku zote, aliingia katika kibanja chetu cha migomba, akala maharage machanga na kuvunja mgomba uliokuwa na mkungu wa ndizi. Mama alimtoa kwa mpini wa jembe. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Alikuwa amewapiga ng'ombe wale pale mpakani miaka yote. Lakini siku hiyo hasira ilimtangulia, na Rwakato alipofika kuomba radhi, akamwambia, "Mtu asiye na mgomba hana kwao." Wazazi wa Rwakato walikuwa wamekuja na mifugo yao kutoka mbali, na neno hilo watu wa migomba walikuwa wakiambiana wao kwa wao, hawakumwambia mfugaji usoni. Akaweka kibuyu chini taratibu. "Vema, Ma," akasema. "Naapa sitasema tena neno kwako wala kwa ajili yako." Tangu jioni ile tulikula ndizi na maharage bila maziwa, na Mama alisema maharage ni bora yakiwa peke yake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Ugomvi huo haujapoa ndipo mkungu akapita nyumba kwa nyumba na habari ya serikali. Kesi za ng'ombe kula migomba zilikuwa zimejaa barazani, basi bwana mpima angekuja kutenganisha vibanja na malisho kwa mawe ya saruji, na yakishasimama hakuna wa kuyagusa. Nilimsikia kupitia matete. Alisema kila kilicho upande wa chini wa mawe kitakuwa malisho: hakuna kulima, hakuna kujenga, hakuna kuzika, na uzio wowote utaondolewa. Alisema bwana mpima atafuata miramura kama ilivyosimama. Mramura ni mmea wa majani marefu ambao wazee wetu waliupanda mpakani. Haufi upesi, na aliyeukuta aliuheshimu kama hakimu. Kibanja chetu kilikuwa kimetokeza kuelekea rweyani kama tumbo, kupita vibanja vya jirani wa kushoto na wa kulia. Ndani ya tumbo hilo kulikuwa na mibuni michache ambayo baba mkwe aliipanda mwenyewe, na katikati ya mibuni alikuwamo yeye, kaburini, na uzio wa miti kulizunguka. Sikumkuta akiwa hai. Nilimjua kwa jinsi Mama alivyopalilia pale kwa mikono, bila jembe.

Mkungu alipoondoka, Mama hakuwa na hofu hata kidogo. Alifurahi kama anayesubiri posa. "Mgeni wa serikali," aliniambia, "mtu wa kutoka mbali, nitamwonyesha mpaka uliojaa magugu na mavi ya ng'ombe?" Hapo tukaanza kazi. Kwetu mgeni akija, njia hufagiwa na kupambwa. Basi Mama aliufagia mpaka. Tulipalilia ukingo wote, tukakata nyasi rweyani tukazitandaza juu ya udongo, mpaka ile njia ya ng'ombe iliyopita chini ya miramura ikafunikwa, isionekane. Ukingo ulikuwa safi kama sakafu yetu ya Jumamosi. Kisha Mama akarudi nyuma, akatazama ile miramura ya zamani. Mingine ilikuwa imeinama, mingine imekauka upande mmoja. Akasonya. Siku iliyofuata aliing'oa yote, akachagua vipandikizi vichanga, vinene, vya kijani kibichi, nami nikashika kamba naye akapanda kwa mstari ulionyooka kama wimbo wa kanisani. Pengine mmea ulisogea ndani, pengine nje, kamba ndiyo iliyoamua. Kwake yeye mpaka ulikuwa kichwani, mimea ilikuwa nguo tu, na nguo chakavu huvuliwa mgeni akija. Sikumkataza, kwa sababu mimi pia niliona ni pazuri. Tulisimama mikono imejaa udongo tukapasifu.

Bwana mpima alifika asubuhi yenye ukungu. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, mnene, mwenye sauti ya upole, akiongea Kiswahili ambacho wengi wetu tulikifuata kwa mwendo wa kuchechemea. Alikuja na watu wa kubeba mnyororo, fimbo za rangi nyekundu na nyeupe, na chombo chake cha miguu mitatu. Kwa jirani wa kushoto jiwe likasimama bila maneno, na kwa wa kulia vivyo hivyo. Alipofika kwetu, Mama alimwamkia shikamoo ingawa alikuwa mdogo kwake, akamwonyesha mpaka kwa mikono miwili kama anayekaribisha mezani. Mpima akasifu usafi. Ni mkungu aliyeinama, akashika mramura mmoja, akauvuta. Ukatoka na udongo wake, bila mizizi.

"Ma Kokuhirwa," akasema, "huu umepandwa lini?"

"Juzi," Mama akajibu kwa fahari.

Watu waliokuwa wakifuata upimaji wakaguna. Mkungu akavuta wa pili, na wa tatu. "Bwana mpima, huyu mama ameutoa mpaka nje. Tazama majirani wake wako wapi na yeye yuko wapi. Tumbo hili limeota juzi!" Mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba miramura haitembei ila ikiwa na miguu ya mtu, na watu wakacheka. Mama akaanza kueleza habari za mgeni na magugu, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama hila. Akaelekeza kidole kwenye kaburi. Mkungu, ambaye hakuwapo siku ya mazishi, akasema hata rweyani wako waliozikwa. Majirani zetu wawili walijua ukweli, lakini mawe yao yalikuwa yamekwisha kusimama mahali pazuri, na kila mmoja alitazama jiwe lake akanyamaza.

Mpima hakukasirika. Alieleza pole pole, mkungu akitafsiri, kwamba alama mpya si alama. Kama alama za zamani hazipo, lazima mwenye upande wa pili akubali mpaka mbele ya watu. Asipopatikana, mstari utanyooka kutoka jiwe la kushoto hadi jiwe la kulia. Sote tukatazama. Mstari huo ungepita juu ya mibuni, na kaburi lingebaki chini, malishoni. "Mwenye upande wa pili ni nani?" akauliza. Watu wakataja jina la Rwakato, wakatazamana, kwa maana hakuwapo. Mpima akasema atakula kwanza, na akimaliza atapiga mstari. Mama akaenda akaketi kando ya kaburi. Ma Kokuhirwa, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, aliketi akikusanya majani makavu ya mibuni kwenye paja lake, moja moja, kana kwamba angeambiwa aondoke nayo.

Sijui ni nani aliyeniinua. Niliingia ndani, nikachota kahawa ya kutafuna, nikaifunga katika jani la mgomba, nikashuka rweyani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita ule ukingo. Majani yalinifika kiunoni na upepo ulikuwa mwingi, na njia nzima niliyapanga maneno, mazuri, ya heshima, yenye baba mkwe ndani yake na majirani na Mungu. Nilimkuta Rwakato mlangoni pa boma akimtoa kupe Bihogo. Alinitazama. Maneno yote yakaondoka. Nikapiga magoti, nikamnyooshea kahawa kwa mikono miwili.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Hakuna? Umekuja mwenyewe?" Akaacha kupe. "Basi sema. Kahawa haisemi."

"Wanamtoa Baba nje," nikasema.

Hayo ndiyo yote niliyosema. Sauti ilitoka nene, si yangu. Rwakato akaichukua kahawa, akatia punje moja mdomoni. Kwetu akishaipokea mtu kahawa yako, hawezi tena kukuacha njiani. "Kumbe una mdomo," akasema. "Mdogo, lakini upo." Halafu uso wake ukakunjamana. "Ila mimi nimeapa. Sisemi neno kwa ajili ya mwanamke yule. Nilimbeba mumewe kwenye machela mpaka hospitalini Nyakahanga, mabega yangu yanajua, na yeye ananiambia sina kwetu." Akatafuna. Akamtazama Bihogo, na kile kicheko chake nilichokijua kupitia matete kikaanza kutoka, kidogo kidogo. "Sikuapa kwamba sitapita na ng'ombe. Saa hizi huenda kunywa maji, na njia yao ni ile ya mpakani. Nenda, omugole. Tangulia."

Nilifika juu nikihema, na mpima alikuwa ananawa mikono. Tukawasikia kabla ya kuwaona. Kundi lilipanda kutoka rweyani, pembe zikiyumba juu ya majani, Bihogo mbele, na Rwakato nyuma kabisa na fimbo yake mabegani, akipiga mluzi wa chini chini kama mtu asiye na shughuli. Mkungu akamwita, akamwuliza mpaka uko wapi. Rwakato akaelekeza kidevu kwa ng'ombe. "Waulize hao. Wamepigwa hapo miaka yote. Wanaujua kuliko mimi."

Watu wakacheka, lakini ng'ombe hawakucheka. Bihogo alifika kwenye jiwe la kushoto, akageuka, akaanza kutembea kando ya ukingo wetu. Hakufuata mstari wa kamba yetu. Alipita juu ya nyasi tulizotandaza, akipinda pale palipokuwa na mramura ulioinama, akiingia, akitoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Lile tumbo la kibanja likachorwa mbele ya macho yetu kwa kwato. Alipofika penye mibuni akasimama. Mgomba mchanga ulikuwa karibu na pua yake. Akanyoosha shingo juu ya uzio wa kaburi, na hapo Mama, aliyekuwa ameketi kama maji mtungini, akaruka na kuokota kijiti. "Wewe Bihogo! Mwizi! Nitakuvunja!" Bihogo akarudisha shingo kwa haraka ya mazoea, akalizunguka kaburi kwa mbali kidogo, kwa adabu, na kundi lote likalizunguka nyuma yake, mpaka jiwe la kulia. Bwana mpima alikuwa ameshika tumbo. Alicheka hadi mmoja wa watu wake akampa kitambaa.

"Bwana," mkungu akasema, "ng'ombe si shahidi."

"Si shahidi," mpima akakubali akijifuta machozi, "lakini mwenye ng'ombe ni shahidi." Akamgeukia Rwakato. "Hapo walipopita, wewe mwenye malisho unakubali?"

Nilimtazama Rwakato akipima kiapo chake. Kila unyasi uliokuwa ndani ya tumbo lile ungekuwa wa ng'ombe wake kama angekataa, na alitakiwa neno moja tu.

"Nakubali," akasema. "Nasema kwa ajili ya marehemu."

Vigingi vikafuata nyayo. Alasiri mawe yetu yakasimama yakiwa bado na unyevu, moja likiwa chini kidogo ya kaburi, na mpima akatuaga akimwambia Mama kwamba siku nyingine asiwafagilie wageni kiasi hicho. Jua lilipopungua, Mama aliniita tuende tukarudishe nyasi zilizokanyagwa. Alipofika kaburini alisimama akatazama chini, akapiga kisigino ardhini. Miramura ile alikuwa ameing'oa kwa mikono yake, na mashimo yake aliyajua mmoja mmoja. "Wa hapa ulikuwa hapa," akasema. Akatazama jiwe. Lilikuwa mbele zaidi, rweyani. Akarudia kisigino, akatazama tena, na wakati huo Rwakato alikuwa anapanda na kibuyu cha maziwa, bila hodi.

"Rwakato. Ng'ombe wako wamekosea."

"Ng'ombe hawajui mpaka, Ma," akasema. "Wanajua mluzi."

"Basi umekosea wewe. Mpaka wangu uliishia hapa. Sikukuomba ardhi."

Akatua kibuyu kwenye majani. Kiapo chake alikuwa amekwisha kukitupa mahali fulani njiani. "Mzee yuko hapo peke yake, na uzio umemgusa mabega," akasema. "Wewe siku yako ikifika ulitaka kulala wapi? Miguuni pa Bihogo?"

Nilidhani Mama atalia, nami sikujua bibi harusi hufanya nini mama mkwe akilia. "Unanizika ningali na meno yote!" akasema hatimaye.

"Yote? Ma, usimdanganye binti."

Mama akanipa jembe lake nilishike. Akajifunga kitenge vizuri, akaketi chini kati ya uzio na jiwe jipya, akajinyoosha chali taratibu juu ya nyasi, mikono ubavuni, akasogeza kichwa kidogo kushoto, kisha akaelekeza vidole vya miguu kwenye saruji ili aone kama itamgusa. Haikumgusa.

"Panatosha," akasema, akitazama mbingu.

"Nilikupima kwa macho," Rwakato akamjibu. "Inuka sasa, maziwa yanapoa."